Upepo, jua au maji: wapi pa kuweka mtaji wa umeme Nyanda za Juu Kusini

Kipupwe kikiingia, upepo wa Makambako ukaanza kusumbua mabati ya vibanda vya barabarani, swali hili hurudi kwa watu wenye ardhi na akiba: kwa nini tusisimamishe mitambo yetu miwili mitatu ya upepo, tukauza umeme, tukaishi kwa hiyo kama wengine wanavyoishi kwa miti ya mbao? Wanaouliza ni viongozi wa vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), wahasibu wa mashirika ya watawa, wastaafu waliochanga viinua mgongo vyao, na wenye viwanda vidogo waliochoka na bili. Ni swali zuri na linastahili kujibiwa kwa namba.

Nitalijibu kwa kulinganisha, kwa sababu mtambo wa upepo hauwezi kuitwa ghali wala rahisi mpaka uwekwe kando ya kitu kingine ambacho fedha hiyo hiyo ingenunua. Kwetu huku vitu hivyo vinajulikana: mto na jua. Msimamo wangu nautanguliza. Kati ya Iringa, Njombe na Mbeya ziko sehemu zenye upepo wa kutosha kabisa, lakini anayeamua kama upepo huo utakulipa ni mnunuzi, pamoja na mwezi wa mwaka ambao mnunuzi huyo ana shida ya umeme. Mwenye kilima kizuri asiye na mnunuzi wa maana atazamisha fedha zake. Mwenye kilima cha wastani, ila ana kiwanda jirani na mto unaopungua kiangazi, anaweza kufanya biashara ya miaka ishirini.

Waliokwisha kuthubutu

Mfano tunao nyumbani. Huko Mufindi, kampuni ya Rift Valley Energy ilianza mwaka 2012 kuzalisha megawati 4 kwa maji ya mto Mwenga. Umeme huo ulikwenda kwenye kiwanda cha chai, ukaenda kwa wateja wa vijijini kupitia laini zao wenyewe, na uliozidi ukauzwa kwa shirika la umeme la taifa, TANESCO. Mwaka 2020 wakaongeza mitambo mitatu ya upepo yenye jumla ya megawati 2.4. Hilo ndilo shamba la kwanza la upepo la kibiashara nchini.

Tazama mpangilio wa mambo pale. Upepo haukuja kwanza. Ulikuja baada ya maji, baada ya laini, baada ya wateja, baada ya mafundi kuzoea kuendesha mtandao. Na ulikuja kuziba pengo linalojulikana: mvua za Mufindi zikikatika, mto hupungua kuanzia katikati ya mwaka, na miezi hiyo hiyo ndiyo upepo wa milimani unapopata nguvu. Fedha zake nazo hazikutoka benki ya mjini kwa riba ya kawaida. Ulihusika REPP, mfuko wa kusaidia miradi midogo ya nishati jadidifu Afrika, ambao mtaji wake ulitoka serikali ya Uingereza.

Sasa linganisha na Singida na Makambako, ambako mipango ya mashamba makubwa ya megawati 50, 100 na zaidi imezungumzwa kwa miaka zaidi ya kumi. Upepo wa huko si wa kubahatisha. Vipimo vya serikali vya urefu wa mita 30 vilionyesha wastani wa mita 9.9 kwa sekunde Kititimo, Singida, na 8.9 Makambako. Nchi nyingi zingefurahi kuwa na namba hizo. Lakini shamba dogo la Mufindi ndilo lililotangulia kuzunguka, kwa sababu lilikuwa na mahali pa kupeleka umeme.

Hesabu ya uniti milioni 6

Watu hulinganisha megawati kwa megawati, na hapo ndipo wanapopotea. Megawati moja ya jua, ya upepo na ya maji hazitoi umeme sawa kwa mwaka. Jua hulala usiku, upepo huja na kuondoka, mto hukauka nusu. Linganisha uniti, yaani kilowati-saa. Nimechukua lengo la uniti milioni 6 na kidogo kwa mwaka, kiasi cha kukihudumia kiwanda cha wastani pamoja na vijiji vinavyokizunguka.

| | Upepo | Jua | Maji |
|---|---|---|---|
| Ukubwa unaohitajika | MW 2.4 | MW 4 | MW 1.4 |
| Uniti kwa mwaka | milioni 6.3 | milioni 6.4 | milioni 6.1 |
| Gharama ya kujenga | Sh bilioni 12 | Sh bilioni 10 | Sh bilioni 12.25 |
| Uendeshaji kwa mwaka | Sh milioni 300 | Sh milioni 150 | Sh milioni 300 |

Haya ni makadirio yangu ya kufanyia maamuzi ya awali, na nayaeleza ili uyabadilishe kulingana na eneo lako. Upepo nimeupa asilimia 30 ya uwezo wake kwa mwaka, maji asilimia 50, jua uniti 1,600 kwa kila kilowati. Gharama kwa kilowati: dola 2,000 upepo, 1,000 jua, 3,500 maji, na dola moja kwa Sh 2,500.

Atakayesoma taarifa za shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, ataona wastani wa dunia wa mwaka 2023 uko chini zaidi: karibu dola 1,160 kwa kilowati ya upepo, 758 ya jua na 2,806 ya maji. Asizichukue namba hizo akazipeleka benki. Wastani ule unabebwa na mashamba makubwa ya China na Marekani yenye makumi au mamia ya mitambo. Gharama za mwanasheria, tathmini ya mazingira ya NEMC (baraza la taifa la mazingira), upimaji wa upepo na uchunguzi wa gridi hazipungui sana kwa sababu shamba lako ni dogo. Mwenye megawati 50 anazigawa kwa 50. Wewe unazigawa kwa 2.4.

Jambo la pili linaloumiza wadogo ni kwamba viwanda vya mitambo vimehamia kwenye mashine za megawati 4, 5 na 6 kila moja. Ukubwa wa kilowati 800 unaofaa laini zetu za kilovolti 33 unapatikana kwa viwanda vichache, au kwa kununua mitambo iliyotumika Ulaya ikakarabatiwa. Mitambo iliyokarabatiwa hushusha bei ya kuanzia vizuri. Lakini uliza imebaki miaka mingapi ya kazi, na vipuri vyake vinatengenezwa na nani leo, kabla hujafurahia hiyo bei.

Ukilitazama tena jedwali utaona njia zote tatu ziko karibu karibu. Gharama haizitenganishi sana. Kinachozitenganisha ni uniti zinapatikana lini, na nani atazilipia kwa bei gani.

Kilima kinapimwa kwanza

Nguvu iliyomo ndani ya upepo hupanda kwa mchemraba wa kasi yake. Upepo wa mita 7 kwa sekunde una nguvu zaidi ya ule wa mita 6 kwa karibu asilimia 59. Ukikosea kipimo kwa asilimia 10 tu, ukaamini 7 kumbe ni 6.3, zaidi ya robo ya nguvu uliyoihesabu haipo. Hakuna biashara ya shamba au duka inayoadhibu kosa dogo namna hiyo. Ndiyo maana mlingoti wa kupimia wenye vikombe vinavyozunguka na usukani wa mwelekeo lazima usimame pale pale unapotaka kujenga, kwa urefu unaokaribia wa mtambo, kwa miezi 12 isiyopungua. Kipimo cha miezi mitatu ya kiangazi kitakusifia kilima chako kupita kiasi, maana kitakuwa kimepima msimu wake bora pekee.

Huku kwetu kuna makato mawili ambayo wauzaji wa mitambo huyapitia haraka. Ya kwanza ni mwinuko. Hewa ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko ya Pwani, na mtambo unasukumwa na uzito wa hewa. Kwa kasi ile ile, kilima cha Mufindi kinatoa nguvu pungufu kwa kiasi hicho. Karatasi ya kiwanda imeandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari, kwa hiyo mwambie muuzaji akupe hesabu ya mwinuko wako, kwa maandishi.

La pili ni miti, na hili naliona linatusubiri. Kuanzia Sao Hill hadi Njombe, kila mwenye ekari mbili amepanda misindano au mikaratusi. Leo kilima kiko wazi, nyasi tupu, upepo unapita umenyooka. Miaka kumi na mitano baadaye, upande unakotokea upepo kuna ukuta wa miti ya mita 20 ambao unaupunguza upepo na kuuvuruga, na upepo uliovurugika huchosha beringi na mapanga ya mtambo kabla ya wakati. Miti hiyo ni ya jirani yako, ipo kwenye ardhi yake, na hajavunja sheria yoyote. Mkataba wa ardhi usiotaja miti ya upande wa upepo una tundu kubwa. Zungumza na majirani mapema, kwenye mkutano mkuu wa kijiji, muafikiane sehemu ipi ibaki malisho au mahindi na viazi, na wao walipwe kwa kuacha kupanda miti pale. Viazi havimsumbui mtu. Chini ya mitambo mkulima analima hadi karibu kabisa na msingi, na huo ni ubora ambao jua halina: megawati 4 za paneli zitameza ekari zisizopungua kumi ambazo hutalimia tena mahindi.

Kuna pia ndege. Nyanda za nyasi za Mufindi, Njombe na Kitulo ni makazi ya mbayuwayu wa buluu, ambaye ni adimu duniani. Tathmini ya mazingira itauliza, na ni haki iulize. Kuhamisha mnara mita mia chache kwenye ramani hakugharimu kitu, ila baada ya zege kumwagwa huwezi tena.

Nani ananunua

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo fedha zinapopatikana au kupotea.

Mnunuzi wa kwanza anayekuja akilini ni TANESCO. Utaratibu wa wazalishaji wadogo upo tangu mwishoni mwa muongo wa 2000 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji: mtambo wa kilowati 100 hadi megawati 10 unaweza kupata mkataba wa mfano, usiohitaji kujadiliwa upya kila kifungu, na walio chini ya megawati 1 wamesamehewa leseni. Bei ya mwanzo haikutofautisha maji, jua wala upepo. Mwaka 2012 gridi kuu ililipa wastani wa Sh 152.54 kwa uniti, lakini kwa kugawanya msimu: Sh 183.05 miezi ya Agosti hadi Novemba, na Sh 137.29 miezi mingine. Ulikuwa ni utaratibu wenye akili, na kwa mwenye upepo wa kiangazi ulikuwa neema. Waliouza kwenye mitandao iliyojitenga na gridi, iliyokuwa ikitegemea dizeli, walipewa Sh 480.50.

Mwaka 2015 utaratibu ukabadilika. Maji na tungamotaka (mabaki ya mimea na mbao) zikapangiwa bei kulingana na ukubwa wa mtambo. Upepo na jua zikapelekwa kwenye zabuni. Maana yake kwako mwenye shamba dogo ni nzito: mwenye mto anaweza kufungua jedwali akaona bei yake kabla ya kuchimba mfereji, wakati wewe wa upepo hujui bei yako mpaka ushindane, na unashindana na watu wenye mitambo mingi kuliko yako.

Halafu hali ya gridi yenyewe imegeuka. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, lenye megawati 2,115, liliwasha mtambo wa kwanza Februari 2024, na mwezi uliofuata baadhi ya vituo vilizimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Nchi iliyokuwa ikisaka kila megawati haipo tena. Mahitaji yanakua, na laini ya kilovolti 400 ya kutoka Iringa kwenda Mbeya, Tunduma hadi Sumbawanga kuelekea Zambia itafungua soko jingine. Lakini wewe unataka mkataba leo, na mnunuzi wako leo hana njaa.

Kuhusu ile bei ya dizeli, usiijengee nyumba. Mji wa Songea ulikuwa ukiwashwa kwa majenereta, na watawa Wabenediktini wa Chipole walijenga Tulila, megawati 5 kwenye mto Ruvuma, iliyoanza kazi mwaka 2015, kuuza kwenye mtandao ule. Mwaka 2018 laini ya kilovolti 220 ya Makambako hadi Songea ikafika, majenereta yakazimwa. Kwa wananchi ilikuwa habari njema kabisa. Kwa anayepiga hesabu za uwekezaji ni funzo kuwa bei inayotokana na kutokuwepo kwa gridi huisha siku gridi inapofika, na kwa kasi ya usambazaji wa umeme vijijini tuliyoiona, gridi inafika.

Mnunuzi wa pili ni kiwanda. Mteja mkubwa wa msongo wa kati hulipa TANESCO Sh 157 kwa uniti kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, kabla ya kodi, pamoja na tozo ya kilele, yaani ya matumizi yake ya juu kabisa ndani ya mwezi. Kiwanda cha chai hakitakulipa zaidi ya hapo, na hakuna sababu kifanye hivyo. Tena tozo ya kilele haipungui kwa sababu yako: usiku mmoja tu wa utulivu, mapangaboi ya kunyaushia majani yakiwa yote yanazunguka na mitambo yako imesimama, kilele cha mwezi kimeshaandikwa. Kwa hiyo unachookoa ni hizo 157 na si bili nzima.

Lakini kiwanda kina kitu ambacho gridi haikupi, nacho ni msimu. Mashamba ya chai yenye umwagiliaji huendesha pampu kiangazi, na kiangazi ndicho kipindi cha upepo. Mwenye pampu zinazoweza kuwashwa upepo ukija na kuzimwa ukitulia ni mteja wa dhahabu kwa mtu wa upepo, maana maji yaliyopandishwa bwawani yanasubiri. Kabla ya kuulizia bei ya mtambo, omba bili za kiwanda za miaka mitatu, mwezi kwa mwezi, uziweke kando ya vipimo vya upepo wa miezi hiyo hiyo. Karatasi hizo mbili zitakuambia mengi kuliko ripoti ya kurasa mia mbili.

Mnunuzi wa tatu ni kijiji. Bei ya kawaida ya TANESCO kwa mtumiaji wa daraja la jumla ni Sh 292 kwa uniti, na wale wa matumizi madogo hulipa Sh 100 kwa uniti 75 za mwanzo. Ukisikia 292 usisherehekee. Ili uziuze lazima uwe na nguzo, nyaya, transfoma, mita, mafundi wa kupanda nguzo usiku wa mvua, na upotevu wa umeme njiani. Na nyumba nyingi za kijijini zinaangukia kwenye ile daraja ya Sh 100. Hutaweza kuwatoza wanakijiji mara tatu ya wanachotozwa wenzao wa kijiji cha pili wenye TANESCO, na kwa dhamiri yangu hupaswi kujaribu.

Katika mikutano ya vijiji swali huwa moja, na mara nyingi huulizwa na mama aliyekaa nyuma: mashine hiyo ikizunguka pale juu, nyumba yangu itawaka? Mjibu kweli. Umeme wa mtambo unaingia laini ya kilovolti 33 na kwenda kituo cha kupoza umeme, hata kama kiko mbali. Bila transfoma ya kijiji, mnara utazunguka juu ya nyumba zenye giza. Weka transfoma hiyo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Ukilinganisha na gharama ya mnara mmoja ni fedha ndogo, na ndiyo itakayofanya watu walinde nyaya zako.

Namba zinapokutana na benki

Chukua shamba letu la megawati 2.4. Kwa Sh 157 kwa uniti, linaingiza karibu Sh milioni 990 kwa mwaka. Toa milioni 300 za uendeshaji, unabaki na 690. Kwa mtaji wa bilioni 12, fedha zinarudi baada ya miaka 17 na kitu, na mtambo unahesabiwa kuishi miaka 20 hadi 25. Kwa Sh 200 zinarudi miaka 12 na nusu. Kwa Sh 292 zote ziingie mfukoni, jambo ambalo halitatokea, ni miaka kama 8.

Sasa weka mkopo. Asilimia 70 ya bilioni 12 ni bilioni 8.4. Riba ya benki ya asilimia 15 ni bilioni 1.26 kwa mwaka wa kwanza, riba tupu, kabla hujarudisha senti ya mkopo wenyewe. Mapato yako yote kwa bei ya kiwanda hayafiki hapo. Nataka hili lieleweke vizuri na kila kikundi kinachofikiria kuweka hati ya shamba dhamana: shamba dogo la upepo halijengwi kwa mkopo wa kawaida wa shilingi. Linajengwa kwa ruzuku ya kiasi fulani, kwa mkopo wa muda mrefu wa riba nafuu, kwa mtaji wa wamiliki wasio na haraka, au kwa vyote vitatu pamoja.

Mikopo ya riba nafuu kwa kawaida huja kwa dola au yuro, na mapato yako ni shilingi. Dola ilikuwa karibu Sh 2,300 mwaka 2022, ikapita 2,600 mwaka 2024. Aliyekopa dola akilipwa shilingi aliongezewa deni bila kukopa tena. Kifungu cha bei kurekebishwa kufuata thamani ya fedha kipiganiwe kwenye mkataba kuliko kitu kingine chochote, kisha kifuate cha kulipwa pale laini ya mnunuzi inapokatika. Hiki cha pili wengi hawakijui. Gridi ikizima, mitambo yako nayo lazima ijizime kwa usalama wa mafundi walioko kwenye nyaya. Laini ya vijijini inayokatika mara kwa mara msimu wa radi inakula mapato yako upepo ukiwa unavuma, na mkataba usipotaja hilo, hasara ni yako.

Kenya walijifunza suala la laini kwa gharama kubwa. Shamba la Ziwa Turkana, mitambo 365 na megawati 310, lilikamilika mwaka 2017 likasubiri laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi mwaka 2018, na fidia ikalipwa kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Wao walikuwa na mkataba unaowalipa wakisubiri. Mzalishaji mdogo wa Mufindi hatapata mkataba wa namna hiyo, kwa hiyo kilomita kutoka kilimani hadi kwenye laini iliyopo zihesabiwe kwa makini. Mimi ningependelea kilima cha wastani kilicho kilomita mbili kutoka kwenye laini kuliko kilima bora cha kilomita kumi na tano.

Jua na maji

Jua linaelezeka haraka. Paneli zinakuja kwa lori la kawaida, zinapanda mlima Kitonga bila msafara, mafundi wa Iringa na Mbeya wanazijua, na baridi ya huku inazisaidia kwa sababu paneli hupoteza nguvu zikipata joto. Unaweza kuanza na kilowati 100 juu ya paa la ghala, ukaongeza mwakani. Upepo hauna mwanzo mdogo wa namna hiyo: mapanga marefu yatapishana na malori kwenye kona za Kitonga kwa kibali na kusindikizwa, kreni kubwa itatoka Dar es Salaam, na kreni ile ile itahitajika tena siku kitu kizito kikiharibika juu ya mnara. Kasoro ya jua ni usiku. Kiwanda kinachofanya kazi mchana tu, karakana ya mbao, mashine ya kukoboa, ofisi za halmashauri: hao wote wachague jua wala wasipoteze muda na upepo.

Maji ndiyo njia iliyozoeleka zaidi huku. Misheni na vijiji vya Njombe vimeendesha mitambo midogo ya maji kwa miaka mingi, na mtambo wa maji uliotunzwa huvuka miaka 40 bila shida. Bei yake inajulikana kabla. Kibali cha maji kinaombwa ofisi za bonde zilizo karibu: Rufiji wako Iringa, Ziwa Rukwa wako Mbeya, Ziwa Nyasa wako Tukuyu. Wasiwasi wangu ni mto wenyewe. Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka sehemu zake karibu kila kiangazi tangu mwaka 1993, kwa sababu maji yake hutumiwa upande wa juu wa mto, huko bonde la Usangu. Mito ya ukingo wa Mufindi na ya milima ya Livingstone ina hali nzuri zaidi, ila nayo inategemea misitu ya vyanzo. Mwenye nafasi ya kupata mto mzuri achukue mto kwanza. Hapo sina kigugumizi.

Nani achague upepo, basi

Achague upepo mwenye mtambo wa maji tayari, anayeona uniti zake zikipungua kuanzia Agosti wakati wateja wake bado wapo. Yeye ana laini, ana kibali, ana mafundi, ana mita zinazosoma. Gharama zake za kuongeza upepo ni ndogo kuliko za mgeni, na kila uniti ya upepo inamruhusu aache maji bwawani kwa ajili ya jioni, kama ana bwawa. Aongeze mitambo miwili au mitatu kwa pamoja, asiongeze mmoja, maana kreni na msingi wa barabara ya kilimani vinalipwa karibu sawa.

Achague pia mwenye mashamba makubwa yenye pampu, kama bili zake na vipimo vya upepo vinapanda mwezi mmoja. Kundi la wastaafu au AMCOS lisilo na kiwanda wala laini, linalotegemea kuuza kila uniti kwenye gridi, nalishauri lisijenge. Waanze na jua la paa la ghala lao wenyewe, wapunguze bili yao, wajifunze kuendesha umeme.

Na kama mlicho nacho ni kilima tu, ipo njia ambayo watu huidharau: kukodisha. Kampuni zenye mtaji zinatafuta vilima kuanzia Makambako hadi Mufindi. Mkiwa na mlingoti wa kupimia na takwimu za mwaka mzima zilizo mali yenu, mnaingia mazungumzoni mkiwa na bidhaa. Msikubali kodi ya mkupuo kwa ekari kama ya shamba la mahindi. Ombeni kiwango cha chini kila mwaka pamoja na asilimia ya mauzo ya umeme, kodi ya kipindi cha kupima hata kama ujenzi hautafanyika, haki ya kulima kati ya minara, malipo kwa majirani wanaoacha kupanda miti, na fedha iliyowekwa benki kabla ya ujenzi kwa ajili ya kubomoa mnara na kung'oa zege muda wa mkataba ukiisha. Kampuni ikigoma kipengele hicho cha mwisho, kubomoa kutabaki juu ya wanakijiji, na mnara mmoja kushushwa unahitaji kreni ile ile ya kutoka Dar es Salaam.